Maji Niliyoyaomba kwa Damu

Mwanangu, weka hiyo simu chini kwanza. Iweke kabisa, maana nikikuona ukiichungulia nitanyamaza, ubaki na ujinga wako. Kuna siku moja huku Mitunguu ambayo haijanitoka kichwani mpaka leo, na sijawahi kukusimulia kwa sababu inaniaibisha. Lakini mama yako ameniambia kwamba kesho unaenda kwa jirani yetu Mwiti, umwombe kwa damu akupe pampu yake umwagilie nyanya zako. Kwa damu! Pampu!

Mmenichosha, haki ya Mungu. Juzi tu pale sokoni Gakoromone ulimtajia damu mama mmoja wa ukoo wa akina Mwiti kwa sababu ya avokado. Mama wa watu akakujazia gunia machozi yakimtoka, na wewe ukaja hapa nyumbani unacheka. Ati umepata bure. Hivi nyinyi vijana mnafikiri hiki ni kitu cha mchezo?

Ngoja nikueleze, naona hakuna aliyekueleza. Zamani babu zetu na babu za akina Mwiti walichanjana mikono, wakachovya nyama katika ile damu, kila mmoja akala ya mwenzake. Ndiyo sisi Wameru tunaita gichiaro. Tangu hapo, mtu wa ukoo wetu akimwomba mtu wa ukoo wao kitu kwa damu, yule hawezi kukataa, na wao wakituomba ni vivyo hivyo. Sisemi ni vibaya kukataa. Nasema hawezi. Kifua kinawaka moto, miguu inanyanyuka yenyewe, mikono inafanya ulichotaja, halafu mtu anakaa siku mbili hana nguvu hata ya kuinua kikombe. Wewe uliyeomba huumwi hata kichwa. Na hapo ndipo nilipopotelea mimi.

Kirimi, baba yake Mwiti, alikuwa rafiki yangu kuliko hata ndugu niliozaliwa nao. Mashamba yetu yalipakana, mfereji ulikuwa mmoja, na kila mtu alikuwa na siku yake ya maji. Yangu ilikuwa Jumamosi, yake Jumatano. Mwaka ule jua liliwaka vibaya, ndizi zangu zikaanza kukunja majani. Ningengoja Jumamosi ningekufa? Singekufa. Lakini nilikuwa kijana, kichwa kigumu kama chako. Nikamwita Kirimi kwa damu anifungulie maji yake, akanifungulia, na maharagwe yake yakanyauka. Wiki iliyofuata nikarudia. Akafungua tena, kimya, nami nikajiambia, si ni ndugu yangu, kama anaumia si angesema? Angesemaje, mwanangu, na mimi ndiye niliyemfunga mdomo?

Jumatano ya tatu, asubuhi, nikamwona anapita juu ya mfereji mbio mbio, amevaa koti kubwa, amelishika kifuani kwa mikono miwili. Sikumuuliza anaenda wapi. Hata salamu sikutoa. Nilipaza sauti tu, "Kirimi! Kwa damu, nifungulie maji!"

Akasimama. Akageuka, akateremka mpaka kwenye ule ubao wa kuzuia maji, akainama kuung'oa. Alipoinama koti likafunguka, nikaona kichwa cha mtoto kinaning'inia. Alikuwa Mwiti, hajafikisha miaka miwili, anatetemeka kwa degedege, macho yamegeuka meupe. Kirimi alikuwa analia kwa sauti, na mikono yake inaendelea kuvuta ubao kwenye matope.

Nikapiga kelele, "Wacha! Wacha maji, nenda!" Lakini damu ikishaombwa haijui wacha. Ilikuwa lazima amalize. Nilimnyang'anya yule mtoto nikakimbia naye mpaka zahanati, na baba yake akaja nyuma akijikokota, baada ya maji kufika shambani kwangu. Mtoto alipona, tunamshukuru Mungu, lakini sikio moja halijasikia tena. Muuguzi hakusema ni kwa sababu tulichelewa. Mimi pia sikuuliza, niliogopa jibu.

Baba yangu alipopata habari, alishuka kutoka kwake kule juu mlimani siku hiyo hiyo. Nilidhani atanipiga. Alinitazama tu, akachoka, akakaa chini.

"Ulimwita kwa damu," akasema, "ili akufungulie maji?"

Akaunyoshea mfereji mkono.

"Watu walichanjana ili mmoja akikutwa na njaa au moto, asife huku mwenzake anamwangalia. Wewe unamwagilia ndizi!"

Akaondoka bila kunywa chai. Sikuwahi kumwona baba yangu akikataa chai kabla ya hapo.

Siku ya tatu Kirimi akaja mwenyewe. Nikamkaribisha, akabaki kwenye ua. Akasema, "Nimekuja kukuomba kwa damu." Mwanangu, nikasikia kifua kinawaka, miguu ikanisimamisha. Nilijua anaweza kutaja chochote, shamba, ng'ombe, nami ningetoa. Akasema, "Usiniite ndugu tena. Tukikutana, nisalimie kama mtu yeyote."

Nilitaka kusema hapana. Nilikuwa nayo hiyo hapana, imejaa mdomoni, na ulimi ukasema, "Sawa." Ndipo nikajua nilichokuwa nikimfanyia. Tumezeeka ua kwa ua. Mpaka leo namwona akipita, namwambia habari ya asubuhi, ananijibu nzuri, basi. Nimejaribu mara nyingi kumwita ndugu, na neno lenyewe halitoki. Halitoki kabisa.

Sasa nisikilize, na usinikunjie uso. Kesho nenda kwa Mwiti kwa miguu yako. Simama upande wake wa kulia, ndio anaosikia. Msalimie, uliza habari za watoto, umwombe pampu kama mtu anavyomwomba mtu. Kisha unyamaze, umwachie nafasi ya kukataa. Akikataa, umshukuru urudi nyumbani, na nyanya zikikauka, zikauke. Tutanunua nyingine sokoni. Ile damu uiache mpaka siku mtu anakufa na hakuna njia nyingine, na ukiishi vizuri siku hiyo hutaiona. Na kabla ya yote, mpelekee yule mama wa Gakoromone gunia lake.

Haya, chukua simu yako. Mungu akuongoze, mwanangu, akulinde na ujinga niliokuwa nao. Akupe ndugu wanaoweza kukwambia hapana, halafu wakuvutie kiti mnywe chai.