Darubini Iliyochukua Nafasi ya Kinu

Ukifika Idsowe ukauliza nyumba ya Josephine, utaulizwa Josephine yupi, maana wako kadhaa. Sema yule wa darubini. Hapo hata mtoto mdogo atakushika mkono akupeleke, na njiani atakusimulia kisa kizima huku akikitia chumvi anavyotaka. Hakihitaji chumvi hata kidogo.

Josephine ni msaidizi wa maabara katika shule ya sekondari ya kutwa. Huosha vyombo vya vioo, hufungia asidi kabatini, hupanga vifaa kabla ya somo na kuwakemea wanafunzi wanaochezea sumaku. Kazi hiyo ameifanya tangu Valary, kifungua mimba wake, hajaanza kutambaa. Ni mwanamke mfupi, mwenye mikono mikubwa isiyojua kutetemeka, na ana ugonjwa mmoja: ukimkabidhi kitu, basi umemkabidhi. Caleb, mumewe, ambaye hulima mpunga na migomba kando ya mto, huwaambia marafiki zake kwamba siku ya harusi alioa mke pamoja na kabati la maabara.

Darubini yenyewe ililetwa shuleni na watu wa chama kimoja cha wapenda nyota kutoka Nairobi. Si ile ya kushika mkononi ukachungulia ndege. Hii ina bomba nene jeupe, mkono wenye mota wa kulizungusha bomba hilo, miguu mitatu ya chuma, kamera ya kufungwa nyuma, na rimoti yenye kioo kidogo. Ukiiambia uko wapi na ni saa ngapi, ukaionyesha nyota chache, nyingine zote inazijua yenyewe. Inageuka, inaikamata unayoitaka, kisha inaifuata polepole jinsi anga linavyosogea. Mwalimu wa fizikia aliyefundishwa kuitumia alipata uhamisho kabla hata vumbi halijatua juu yake. Mwalimu mkuu akamwita Josephine, akampa ufunguo wa kabati.

"Angalia hii kitu isiharibike," akamwambia.

Kwa mtu mwingine maneno hayo yangeingia sikio hili yakatokea lile. Kwa Josephine yalikuwa kama kiapo cha kanisani.

Halafu yakaja mafuriko ya mwaka jana. Mto Tana ulipovunja kingo, Caleb alitangulia na watoto hadi mahali pa juu kando ya barabara ya Garsen, akamwachia mkewe mtumbwi mdogo amchukue mama mkwe wake, Mama Florence. Lakini Josephine hakuanzia nyumbani. Alianzia shuleni. Aliingia maabara maji yakimfika kiunoni, akalipata sanduku kubwa la darubini likiwa salama juu ya kabati, na mkoba wa rimoti ukiwa umelowa chapachapa kwenye rafu ya chini. Akavibeba vyote na ile miguu ya chuma, ndipo akarudi kumchukua mama mkwe wake.

Alimkuta amesimama mlangoni, leso imekazwa kiunoni, amekumbatia kinu chake.

Kinu kile kilichongwa na baba yake Mama Florence huko Kulesa, wiki ile alipokuwa anaolewa. Kilitwanga mpunga wa Caleb na ndugu zake wote, kikatwanga wa wajukuu. Josephine aliupakia mzigo wote mtumbwini, wanawake wawili wakaingia, na ukingo ukabaki kidogo tu juu ya maji. Kitu kimoja kilikuwa lazima kibaki.

"Toa hiyo bomba," Mama Florence akasema.

"Mama, hii si yangu. Ni ya watoto wa shule."

"Na kinu ni ya nani? Ya mbwa?"

Josephine alikinyanyua kinu kwa mikono yake mwenyewe akakishusha majini. Kikaelea, kikajigeuza ubavu, kikaondoka na mkondo kuelekea baharini bila hata kugusa mti. Mama Florence alikitazama mpaka kikapotea. Kisha akachukua upondo, kwa kuwa mwanamke wa Kulesa hasukumwi mtumbwini na mke wa mwanawe, akausukuma mtumbwi hadi barabarani, na Josephine akakaa chini amelikumbatia sanduku.

Tangu siku ile jina la Mama Valary likafa mdomoni mwa bibi huyo. Akawa anamwita Mwenye Bomba. Maji yalipokwisha wakajenga upya karibu na ua wa shule, pale ardhi ilipoinuka kidogo, na kila alipoazima kinu cha jirani alihakikisha Josephine anasikia.

"Kinu yangu saa hii iko Kipini, huko baharini," angesema. "Mtu wa huko anatwangia kahawa."

Watu walicheka. Josephine naye alicheka, kwa kuwa usipocheka utafanya nini, lakini iliuma. Mama Florence ndiye aliyempokea alipoolewa, akamfundisha kulima kwa kufuata maji ya mto, akamkanda mgongo kila alipojifungua. Kumkosea mwanamke huyo kulimnyima raha. Na bado, kila alipofungua kabati la maabara akaliona bomba jeupe halina hata mkwaruzo, alijivuna. Mambo yote mawili aliyabeba pamoja, na hakuona pa kuyatua.

Rimoti ilikuwa imekufa. Aliifungua kwa bisibisi ndogo, akaifuta tope kwa mswaki na spiriti, kisha akaifukia katika kikapu cha mchele jikoni imalize kukauka. Mama Florence akaikuta alipokuwa anapima mchele wa chakula cha mchana. Aliinyanyua kwa vidole viwili, kama mtu aliyeshika panya kwa mkia.

"Kwanza kinu. Sasa mchele," akasema. "Kimebaki nini? Mafiga?"

Rimoti iliwaka. Josephine alipiga kelele peke yake jikoni. Jioni zilizofuata akaanza kujifunza, na kujifunza kwenyewe kulikuwa na vituko. Kitabu cha maelekezo kiliandikwa na watu wa kaskazini ya dunia. Kilimwambia aanze na nyota ya kaskazini, nyota ambayo Idsowe, iliyo kusini ya ikweta, haichomozi kamwe. Aliitafuta jioni kadhaa akiilaumu migomba ya Caleb kwamba inamkinga, hadi aliposoma kurasa za mbele akaona kuna njia nyingine: onyesha nyota tatu zozote zinazong'aa, mashine itajitambua ilipo. Jioni nyingine rimoti ikamuuliza saa. Ilikuwa saa moja, naye akaandika moja, kama alivyoisema maisha yake yote. Mashine, ambayo huanza kuhesabu usiku wa manane, ikaelewa saa saba za usiku. Alipoiagiza itafute mwezi, bomba likanguruma, likageuka kwa madaha, likainamisha kichwa na kuwatazama kuku waliokuwa wakiingia bandani.

"Mwenye Bomba," Mama Florence akaita kutoka mlangoni, "hao kuku nimeshawahesabu."

Basi ikasikika redioni kwamba Jumapili moja ya Septemba mwezi utapatwa, wote, na sisi huku tutauona vizuri saa za jioni. Mwalimu mkuu akaamua wanakijiji wote waalikwe uwanjani. Kamera itafungwa kwenye darubini, picha ipite kwenye kompyuta, projekta iutupe mwezi kwenye shuka jeupe, kila mtu aone. Josephine akakubali mara moja. Hakumwambia mtu kwamba katika umati wote huo alikuwa anamtaka mmoja tu. Alitaka Mama Florence aone kilichokaa mahali pa kinu chake. Akikiona na bado akasema kilikuwa si kitu, basi Josephine angemwomba msamaha kwa magoti na kuacha kujivuna.

"Utakuja, Mama?" akamuuliza.

"Nitakuwa na usingizi," Mama Florence akajibu.

Jumapili hiyo Josephine alifika uwanjani jua likiwa bado juu. Alichagua mahali peupe karibu na tangi la maji, akatandaza miguu mitatu, akaisawazisha hadi kipovu cha pimamaji kikatulia katikati. Akafunga bomba, akafunga kamera, na kwa vile kamera ilikuwa nzito nyuma akalisogeza bomba mbele kidogo kidogo mpaka lilipokaa bila kuinama upande wowote. Akaunganisha betri ya gari. Saa akaiandika ya kizungu. Nyota za kwanza zilipotokea akazionyesha mashine, moja, ya pili, ya tatu, na rimoti ikamkubalia. Akabonyeza mwezi. Bomba likageuka na mwezi ukajaa kwenye shuka, mkubwa kuliko nyumba, na mashimo yake yote.

Uwanja mzima ulisema "Eeh!" kwa sauti moja. Dukicha, mlinzi wa shule, Muorma ambaye amechunga ng'ombe chini ya mwezi huo tangu utotoni, alishika kichwa, akamgeukia Josephine.

"Mwalimu, hii mwezi iko na makovu!"

Josephine alitabasamu, akatupa jicho upande wa nyumbani. Mlango wa Mama Florence ulikuwa umefungwa.

Kivuli kilianza kuula mwezi pembeni. Watu wakasogea, wakasukumana, watoto wakapita chini ya nyaya. Ndipo Josephine akaona mwezi unateleza kwenye shuka. Aliurudisha katikati kwa rimoti. Ukateleza tena. Alidhani ni mota. Akafikiria yale maji ya mafuriko, labda yaliingia hata huko. Kisha akainama kwa tochi. Mguu mmoja wa chuma ulikuwa unazama. Udongo mweusi ule ulikuwa mkavu juu tu. Chini, maji yaliyovuja kutoka tangini yalikuwa yameulainisha, na uzito wa watu ukafanya mengine. Mguu wa pili nao ukaanza. Mwezi ukashuka, ukashuka, ukatoka kabisa, shuka likabaki jeupe.

"Imeisha?" mtu akauliza.

"Twende nyumbani, bibi ya kinu alisema kweli," mwingine akajibu, na wachache wakacheka.

Josephine alijaribu kipande cha ubao, kikapasuka. Caleb akaleta tofali la udongo, likamumunyuka. Josephine akawa anaogopa kuongea asije akalia mbele ya wanafunzi wake. Juu, mwezi wenyewe ulikuwa umebaki ukucha tu.

Kukasikika gurudumu likilia. Umati ukapasuka katikati, na Mama Florence akapita akisukuma wilbaro, leso imekazwa kiunoni kama siku ile ya mafuriko. Ndani ya wilbaro mlikuwa na mafiga yake, mawe matatu meusi kwa masizi, bado yana joto la chakula cha jioni.

"Bomba iko na miguu mitatu," akasema akihema. "Na mafiga ni matatu. Unangoja nini?"

Josephine akamulika mawe kwa tochi, kisha uso wa mama mkwe wake.

"Niliona kutoka dirishani," Mama Florence akaongeza kwa ukali, kana kwamba kuna aliyemshtaki. "Usingizi ulikataa. Dukicha, shika huku!"

Waliinua darubini yote ilivyo, Caleb na Dukicha, na Mama Florence akapiga magoti matopeni akayashindilia mawe yake moja baada ya jingine kwa ustadi wa mtu aliyeyapanga maisha yake yote. Miguu ikakaa juu yake, haikuzama tena. Josephine akaanza upya: pimamaji, saa, nyota. Wakati huo mwezi ulikuwa umezimika wote, na kwa kuwa mwanga wake ulikuwa umeondoka, nyota zilijaa angani kuliko awali, akazipata tatu bila taabu. Akabonyeza. Mota ikanguruma.

Mwezi ukaingia kwenye shuka, mwekundu, wa mviringo, umetulia. Hakuna aliyesema "Eeh" safari hii. Mama mmoja wa kanisani akaanza kusali kwa sauti ya chini. Mwezi ulikaa pale pale, dakika baada ya dakika, na darubini ikaufuata bila kuteleza hata unywele. Josephine alisimama kando yake akiwa amenyooka, na alijiona mrefu.

Watu wakaanza kusogea tena. Mama Florence akawazuia kwa mkono.

"Rudi nyuma! Utakanyaga mafiga yangu!"

"Na kinu je, mama?" Dukicha akamtania. "Bado iko Kipini?"

Mama Florence aliligeukia shuka, uso wake mwekundu kwa mwanga wa mwezi ule.

"Kinu ni mti," akasema. "Caleb atachonga ingine. Hii nani hapa angechonga?" Kisha akawageukia watu wote, akapaza sauti isikike hadi nyuma. "Na mjue vizuri. Siku ya maji, mwanangu alishika hii kitu, na mimi ndiye nilisukuma mtumbwi. Tulikuwa wawili."

Mwanangu. Josephine alikuwa ameshika kitufe cha kunoa picha, na kwa mara ya kwanza tangu watu wamjue, mkono wake ulitetemeka. Mwezi ukatikisika kwenye shuka, uwanja mzima ukaona.

"Shika vizuri, mwanangu," Mama Florence akamwambia. "Watu wanaangalia."