Walinipa banda la kuku, sasa wanataka gari

Admin, jina langu lifiche, na zile picha nilizokutumia usiziweke. Gari lenyewe likipita mjini hapa kila mtu analijua.

Mimi ni mama wa miaka ishirini na nne, shule niliishia kidato cha pili. Naishi Sumbawanga na mume wangu na binti yetu ambaye ndio kwanza anajifunza kutembea. Mume wangu ni dereva wa lori la tajiri mmoja wa mjini, akienda Kasesya foleni ya mpakani inaweza kummeza siku nne. Kwa hiyo haya ninayosimulia mengi nimeyafanya mwenyewe, mtoto akiwa mgongoni. Mwandiko wangu mtanivumilia, naandika na hasira.

Tunaishi ua mmoja na mama mkwe. Pale uani kulikuwa na gari la marehemu baba mkwe, yale magari ya zamani ya kusambazia mikate, limezibwa bati pande zote, vioo viko mbele tu. Tangu mzee afariki lilikaa juu ya matofali bila tairi hata moja. Majani yalishaota kwenye bampa, na ndani mama alifugia kuku.

Mimi nilikuwa napika chai na chapati mnadani chini ya turubai. Upepo wa huku mnaujua. Turubai linaondoka, moshi wote unaingia kwa mtoto, na mwanangu akawa anakohoa kifua kinalia kama paka. Siku moja nikamwomba mama mkwe lile gari. Alicheka mpaka akashika kiuno.

"Hilo banda la kuku? Lichukue, mwanangu. Ila kuku wangu wakilala nje na baridi hii utanitambua."

Shemeji yangu, mdogo wake mume wangu, ananunua mahindi Laela. Siku hiyo alikuwepo, akasema, "Shemeji, siku likitoka hapa likiunguruma, mimi nitakuwa konda wako bila mshahara." Wakacheka wote. Na mimi nilicheka.

Nikatafuta mabanzi nikawajengea kuku banda jipya, zuri kuliko jiko langu. Ndipo nikaingia kwenye gari. Jamani, mbolea ya miaka yote ile niliikwangua kwa jembe. Kutu niliitoa kwa msasa mpaka vidole vikapoteza alama. Fundi bodi wa mtaa wa pili alinifundisha kupaka puti ya kuziba matundu ya kutu, akaniambia, "Binti, puti ni kama ugali, ukikoroga kwa pupa unabaki na madonge." Nilikuwa nakaa mlangoni mwa gari nanyonyesha, mtoto kichwa cheupe kwa vumbi la puti, nikimaliza namfunga mgongoni naendelea. Cherehani aliyoninunulia mama yangu mzazi niliiuza, ndiyo iliyochomelea sakafu, ikanunua tairi na kufufua injini. Mume wangu akirudi safari alikuwa anashika spana, sitamnyima haki yake. Ubavuni tukakata dirisha, lile bati linanyanyuka linakuwa kivuli cha wateja. Ndani nikaweka rafu, meza ya kukunja, jiko la gesi, na kona ya mtoto kulala asivute moshi. Rangi nikapuliza krimu, na mstari wa kijani.

Wiki iliyopita likawaka. Mama mkwe alipiga vigelegele, akazunguka akiligusa, akasema mzee angeliona angelia. Nilijua ananibariki.

Siku ya tatu shemeji akaja na bisibisi. Hakunisalimia.

"Shemeji, hizi rafu tunatoa. Msimu wa mahindi umeanza, gunia haziwezi kupita."

Nikadhani utani. "Kwani konda siku hizi ndiye anayepanga mzigo?"

"Hili ni gari la baba. Wewe ulipewa banda. Mama, si ulisema banda?"

Mama mkwe alikuwa anachambua maharage. Hakuinua uso. "Mimi nilisema banda, mwanangu. Gari sikutaja."

Mpaka leo hilo neno liko kooni. Kuku wake wanalala kwenye mabanzi yangu, halafu ananiambia nilichopewa ni banda.

Mume wangu aliporudi nilidhani atasema kitu. Akasema, "Mke wangu, kadi ya gari bado ina jina la marehemu. Tusivunje familia kwa sababu ya gari." Akampa mdogo wake ufunguo. Mbele yangu. Nikamuuliza mimi na mtoto ni nani, akaenda kuoga.

Shemeji akapanda, akapiga stata mara kumi, gari linakoroma tu haliwaki. Akafungua boneti, akaangalia kama anayeangalia kisima. Hakujua kinachokosekana. Mimi najua. Kuna kidude kidogo cha plastiki kinaitwa rota, bila hicho moto haufiki kwenye plagi. Niliposikia "gari sikutaja" nilingoja usiku, nikafungua boneti nikakichomoa. Kiko kwenye kopo la unga wa uji wa mwanangu.

Jumapili baada ya misa kuna kikao cha familia, nimeambiwa nije na heshima. Shangazi wa mume wangu anasema nirudishe rota, niombe msamaha, nitaangaliwa baadaye. Lakini mimi bado nampenda mume wangu na sijakata tamaa na dirisha langu. Nawaza nisimame pale niwaambie sawa, mlinipa banda, nawarudishia banda. Nitoe sakafu, vipuri vya injini nilivyonunua, tairi, rafu na dirisha langu, niliweke juu ya matofali yale yale, na kuku niwarudishe ndani kwa mikono yangu.

Nyie mliopitia kwa wakwe, niambieni kabla ya Jumapili. Nikae kimya nitoe rota, au niende na spana?