Jina Nililomtajia Dani

Nilipokuwa mtoto wa miaka kumi nilimfukuzisha kazi mtu mzima, na sikutumia nguvu yoyote. Nililala kwenye mkeka wa nyanya yangu, nikashika tumbo, nikataja jina. Nimesimulia kisa hiki mara chache, na kila mara nilikipunguza makali, nikijifanya mdogo kuliko nilivyokuwa. Leo nakiandika kama kilivyokuwa.

Shule yetu ilikuwa upande wa bonde la Lambwe, ndani ya boma la Mwalimu Truphena. Alikuwa amestaafu ualimu wa serikali, akachoka kukaa bure, akaanza kufundisha watoto wa majirani kwenye banda lake la kuku. Kuku wakahamishwa, sisi tukaingia. Kufikia wakati wangu palikuwa na madarasa manne ya udongo, na udongo wenyewe tuliukanyaga sisi watoto kwa miguu yetu, wazazi wakikandika kuta. Mwalimu hakupenda mtoto wa kukaa na daftari tu. Hesabu za eneo tulizifanyia shambani kwa kamba ya katani na vigingi. Sehemu tulijifunzia jikoni, kwenye sufuria ya nyoyo, yaani mahindi na maharagwe yaliyochemshwa pamoja: mahindi vikombe vitatu, maharagwe kimoja, haya niambie, maharagwe ni sehemu gani ya chakula chote? Aliyesema theluthi alipewa mwiko akoroge mpaka akili imrudie.

Jiko lilikuwa la Min Risper. Kwa Kijaluo ni kusema mama yake Risper, na huyo Risper alikuwa darasani kwetu, tukikaa dawati moja. Min Risper hakuwa na cheti cha ualimu wala cha upishi, lakini ndiye aliyetufundisha kufinyanga jiko la udongo lisilopasuka, kuanika mboga ya osuga juu ya mabati bila kuiunguza, na kujua kwa pua tu kwamba maharagwe yako karibu kushika chini. Saa ya chakula tuliketi duara uani, watoto na walimu, na yeye akiwemo. Tukila, alizungusha macho sahani kwa sahani ajue nani hajashiba na nani hajagusa chakula. Ilikuwa kazi yake, na aliifanya vizuri.

Sasa mnijue na mimi. Nilikuwa mtunza mbegu wa darasa. Kila darasa lilikuwa na kipande chake cha shamba, na letu lilikuwa la njugu. Tulizibambua mbegu wenyewe vidole vikauma, tukaziweka kwenye debe stoo kungoja mvua, na darasa likanichagua mimi kushika ufunguo. Niliuvaa shingoni kwa uzi hata kanisani. Nyanya yangu, Dani kama tunavyowaita kwetu, alimwonyesha kila mgeni ufunguo ule. Basi nikawa mtu wa maana, na mtu wa maana akaanza kuonja njugu. Siku ya kwanza chache, siku ya pili chache na nyingine mfukoni. Nilijiambia debe ni kubwa.

Jumatano moja asubuhi Min Risper alikuja stoo kutafuta ungo, akanikuta nimechuchumaa kando ya debe, mashavu yamejaa.

"Akeyo," alisema, "hizo ni mbegu."

Sikuweza kujibu, mdomo haukuwa na nafasi.

"Na ni mbichi, zitakuuma tumbo. Mwambie Mwalimu wewe mwenyewe. Mimi sitasema."

Akachukua ungo wake, akaenda zake. Wala hakunipigia kelele. Nilikunywa maji mengi ili nijisahaulishe, na yeyote aliyewahi kula njugu mbichi akashushia maji anajua nilichokuwa nakitafuta. Saa ya chakula nilikaa na sahani ya nyoyo mapajani bila kugusa hata punje. Ng'ambo ya duara Min Risper alikuwa akinitazama. Nilijua kwa nini ananitazama. Nikageuza uso, nikampa Risper chakula changu, naye akakila chote.

Nikienda nyumbani alasiri, tumbo lilianza. Kufika kwa Dani nilikuwa nimejikunja, jasho linanitoka. Dani alinilaza kwenye mkeka, akaniwekea mkono, akaona tumbo limejaa na kukaza, akauliza swali ambalo kila nyanya wa kwetu huuliza kabla ya kuuliza mtoto amekula nini:

"Nyathina, mwanangu, nani alikuangalia ukila?"

Kwa asiyejua, kwetu kuna kitu kinaitwa sihoho. Wanasema wako watu, hasa wanawake, ambao jicho lao likikaa kwenye chakula chako, chakula kile kinakataa kushuka, kinakaa tumboni kinakuuma. Wanasema mama humrithisha binti yake. Dani alikuwa Msabato wa kweli, asiyekunywa hata chai ya majani, na alijua vitabu vya Biblia kwa mpangilio kuanzia Mwanzo hadi Ufunuo. Lakini sihoho aliiamini bila kuomba andiko.

Nilikuwa na nafasi ya kusema hakuna. Nilikuwa na nafasi ya kusema njugu. Lakini nilimtazama Dani, nikaona uso ulivyojaa huruma yangu, nikafikiri uso huo utakavyogeuka akisikia mtunza mbegu ni mwizi wa mbegu. Na kwa kweli, nilijiambia, kuna mtu aliniangalia. Si uongo.

"Min Risper," nikasema.

Dani akanipangusa jasho. Kisha akasema, kama anayezungumza na nafsi yake, "Na yule ni nyar kisiwani. Hatujui kwao." Yaani binti wa visiwani, aliyeolewa kwetu.

Kabla jua halijatua aliletwa nyamrerwa, mama wa mitishamba aliyetibu watoto wa kijiji chote. Alinipaka samli tumboni, akafunika kitambaa, akakanda na kuvuta huku akinong'ona. Alipoinua kitambaa alikuwa ameshika punje ya hindi na ganda la haragwe, akaviweka kwenye kiganja cha Dani. Wanawake waliokuwa pale wakaguna. Mimi peke yangu katika chumba kile nilijua kwamba siku ile sikuwa nimeonja hindi wala haragwe. Nilifumba macho. Usiulize kama niliona aibu wakati ule, maana sikuona, niliona nafuu.

Asubuhi tumbo lilikuwa limetulia, kama ambavyo lingetulia hata bila samli. Lakini jina lilikuwa limeshatoka nyumbani kwetu, na halikuhitaji miguu yangu. Ijumaa watoto walikuja shuleni na chakula kutoka nyumbani, kwenye vikopo vya mafuta ya kupikia, wameagizwa wale wakitazama ukuta. Ile duara yetu ikavunjika, kila mtoto na kona yake. Min Risper alisimama na mwiko mkononi mbele ya sufuria iliyojaa. Risper alikula peke yake siku ile. Mimi nilikaa kona yangu na kikopo changu, na sikumwita.

Jumatatu Mwalimu Truphena aliita wazazi. Walijaa darasani kwetu, akina mama wengi, wengine wamesimama mlangoni. Mwalimu hakuwa mtu wa kubembeleza.

"Huyu mama amepikia watoto wenu miaka mingapi?" aliuliza. "Nani amekufa?"

"Madam, sisi hatusemi mtu ni mbaya," mama mmoja alijibu. "Hiyo kitu si yake kutaka, amezaliwa nayo. Lakini akae mbali na chakula ya watoto. Kama si hivyo, wangu naondoa leo."

Wengine wakaitikia. Mwalimu aliona shule yake ikitoka mlangoni. Akageuka kwangu. Nilikuwa nimesimamishwa kando ya Dani, ufunguo shingoni.

"Akeyo. Usiogope mtu. Siku ile ulikula nini?"

Nimekuwa mwalimu mwenyewe sasa, na najua mwalimu anavyouliza akishakisia jibu. Alikuwa ananifungulia njia. Nadhani alikuwa ameshaliona debe. Nilimtafuta Min Risper kwa macho, nikamwona karibu na ubao, aproni bado iko kiunoni, macho yake chini kabisa kwenye sakafu. Nikadhani amenisusa. Nikadhani, hata, kwamba labda ni kweli, la sivyo angenitazama usoni.

"Nyoyo," nikasema. "Nyoyo peke yake."

Min Risper alifungua aproni, akaikunja mara mbili, akaiweka juu ya meza ya Mwalimu. Alisema kitu kimoja tu, kwamba sufuria iko motoni, mtu aende aiangalie. Kisha akamshika Risper mkono, wakatoka, na akina mama waliokuwa mlangoni wakarudi nyuma ili nguo zao zisigusane na zake. Risper aliacha kalamu yake kwenye dawati letu. Niliitumia mpaka ikaisha wino.

Mvua iliponyesha tulipanda njugu, na mbegu hazikufika mwisho wa shamba. Mwalimu aliniuliza, nikasema panya. Hakuniuliza tena, ila alinyoosha mkono, nikavua ufunguo nikampa. Hakulieleza darasa. Ndiyo adhabu yote niliyopata duniani kwa jambo lile, na hata hiyo niliililia kwa uchungu, nikijiona nimeonewa.

Nilikua. Niliacha kuamini sihoho chuoni, siku moja tu, kwa kusoma ukurasa mmoja juu ya njugu mbichi na gesi ya tumbo. Wenzangu walikuwa wakicheka, mimi nikaomba ruhusa nikatoka nje. Tangu hapo sikuwa na mahali pa kujificha. Ilinichukua miaka mingine kumi kupiga moyo konde, na sina sababu nzuri ya kuchelewa hivyo. Nilikuwa naogopa.

Mwaka jana mvuvi mmoja aliniambia Min Risper yuko Remba, anaanika omena, wale dagaa wa ziwani. Nilipanda boti pale Mbita. Remba ni kisiwa kidogo ambako nyumba za mabati zimebanana hata ukikohoa jirani anakupa pole. Nilimkuta ufukweni akigeuza omena kwenye wavu, mwembamba kuliko nilivyomkumbuka. Nilijitaja jina. Akafuta mikono kwenye leso.

"Akeyo wa mbegu," alisema.

Nilisema pale pale, nimesimama, "Mama, nilidanganya. Ilikuwa njugu. Na wewe ulijua."

"Najua. Si ni mimi nilikupata?"

"Kwa nini hukusema siku ile? Ungesema tu, nimeona huyu mtoto akiiba mbegu."

"Nilikuambia sitasema." Aligeuza omena kidogo kabla ya kuendelea. "Tena nani angeniamini? Nilingoja useme wewe. Nilitaka nikuangalie, hata kidogo, ndio ukumbuke. Lakini ningekuangalia aje, pale mbele ya wale wamama?"

Sikuwa nimewahi kulifikiria hilo. Miaka yote nilibeba yale macho yaliyotazama sakafu kama kisingizio changu kidogo, na kumbe mimi ndiye niliyeyashusha.

Nilimuuliza Risper yuko wapi. Aliolewa Kegonga, akasema, mbali, ambako hakuna ajuaye ya Lambwe, na ana watoto watatu. Wajukuu wamekuwa wakubwa? Alisema anaambiwa wamekuwa wakubwa. Yeye haendi sana. Mgeni akienda lazima kupikwe chakula, watoto wale pamoja naye, na mwisho ipo siku mmoja ataumwa tumbo tu, watoto huumwa tumbo. Alilisema bila kunilaumu, na ingekuwa afadhali angenilaumu.

Nilimwomba msamaha. Alisema, "Hiyo ni mambo ya zamani, mama," akiniita mama kwa upole kama anayemtuliza mtoto, na hakusema amenisamehe wala hajanisamehe. Kisha akasema sitavuka ziwa na njaa. Akaniingiza nyumbani kwake, chumba kimoja, akasonga ugali, akakaanga omena kwa nyanya na kitunguu, na mikono yake ilikuwa bado ile ile ya kupima chumvi bila kijiko. Alininawisha. Aliniwekea sahani mezani, moja tu. Akachukua kigoda chake.

"Mama, kaa tule," nikasema.

"Wewe kula. Mimi huwa sikai na watu wakila."

"Mimi nataka ukae. Nataka uniangalie nikila."

Alitabasamu kidogo, akatikisa kichwa. Alitoka na kigoda, akaketi upande wa pili wa ukuta, akiangalia ziwa, akavuta mlango nyuma yake ili hata kwa bahati mbaya asinione. Nilimsikia akisalimiana na wapita njia. Chakula kilikuwa kitamu. Nilikila chote, peke yangu, kwa sababu kukiacha kungekuwa kumtukana mara ya pili, na alingoja kule nje mpaka niliposema nimemaliza.