Babu Aliyechimba Vyoo

Nilikuwa mfanyakazi wa ndani kwa familia ya Wamarekani kule ughaibuni, mtaa wa Abu Hamour. Baba mzazi wa bosi wangu, mzee mpole, alikuwa akiandika maisha ya baba wa babu yake. Mimi napiga pasi, yeye ananisimulia: jinsi marehemu alivyoanza na kiduka cha misumari, akafungua kiwanda cha kupasua mbao, kisha akachaguliwa mbunge wa jimbo lao, miaka ya elfu moja mia nane na kitu. Nikafika mahali nikamjua yule marehemu kuliko shangazi zangu.

Siku moja akaniuliza, "Na babu yako wewe, alikuwa nani?"

"Mbunge," nikajibu, bila kuinua macho. Ningeweza kusema sijui kilichonipata, lakini najua. Nilichoka kuwa mtu asiye na ukoo mbele ya meza iliyojaa picha za mababu wa wenzangu.

Tangu siku hiyo mzee akawa ananivutia kiti nikae. Nilikipenda kile kiti, tena sana.

Ijumaa moja mama akapiga simu ya video kutoka Korogwe. Mzee akaja haraka, anataka kumwona binti wa mbunge. Mama hajui Kiingereza, mzee hajui Kiswahili, nami nimekaa katikati yao kama mkalimani.

"Muulize baba yake alikuwa mtu wa namna gani."

Nikamuuliza. Mama akajiweka sawa, akafunga upya kanga kichwani. "Mwambie baba yangu alikuwa mchimba vyoo. Alichimba mtaa mzima, na hakuna choo chake hata kimoja kilichowahi kutitia."

Nikamgeukia mzee. "Anasema aliwatumikia watu wake bungeni mpaka alipozeeka."

Mzee akasimama, akaweka mkono kifuani, akainamisha kichwa mbele ya simu.

 Machozi yakamtoka mama. "Wenzetu walikuwa wakiziba pua tukipita, mwanangu, na baba alikuwa akiona. Mwambie huyo mzee Mungu ambariki. Ni mtu wa kwanza kusimama kwa heshima ya baba yangu."

"Amesema nini?" mzee akauliza.

 Katika wote waliowahi kumzibia babu pua, mimi, mjukuu wake, niliziba kuliko wote.

"Anashukuru," nikasema.