Unga wa Bi Mwanaidi

Bomba la nyumba ya mjukuu wangu pale Uyole halina kichwa cha kuzungusha. Unaliinua kama mkia wa kuku. Mimi nililizungusha mpaka likalia kwiii, watoto wakacheka hadi wakakaa chini. Sikukasirika. Mlio ule ulinirudisha Iringa, miaka ya hamsini, uani kwa Bi Mwanaidi mwenye nyumba, mama wa asili ya pwani, ulimi pilipili.

Tulikuwa tumetoka kijijini kumfuata baba. Mama yangu alikuwa fundi wa chemli: zungusha kulia, utambi unapanda, mwanga unakuja. Basi na bomba akalifanya hivyohivyo. Kulia. Maji hayakuja. Akakaza zaidi, kwa mkono wake wa jembe, meno kayauma.

"Mama Rosa, unawasha taa?" Bi Mwanaidi akauliza. "Utaning'olea bomba langu, we!"

Ua mzima ukaangua kicheko.

Kesho yake mama akabeba mtungi akateremka mtoni Ruaha. Na kesho kutwa. Na mlima ule wa kurudi, na mimba ya mdogo wangu imeshachomoza! "Maji ya bomba yananuka chuma," alituambia. Niliamini. Hata mimi niliyanusa, nikakunja pua.

Asubuhi moja, wanawake wengine wako sokoni, Bi Mwanaidi akatokea uani, mikono miwili myeupe kwa unga, unapeperuka kila akitembea.

"Mama Rosa, mwenzangu, nifungulie maji. Si unaniona nilivyo?"

Mama kasimama tu. Bi Mwanaidi akageuza uso kwenye kamba ya nguo, kama anazungumza na mashuka.

"Fanya kama unazima taa."

Mama akazungusha kushoto. Maji yakamwagika pwaa! Mama akacheka peke yake kama msichana.

Mtoni hakurudi tena. Lakini mimi, mlafi mkubwa, nilishinda mlangoni kwa Bi Mwanaidi nikingoja harufu ya chapati. Hazikupikwa. Nikamwona mchoyo, nikamnunia wiki nzima.

Miaka ikapita, nikawa na ua wangu mwenyewe hapa Mbeya. Siku moja mke wa mwanangu, mgeni kutoka kijijini, akasimama mbele ya bomba, mikono nyuma, macho chini. Ndipo nikaukumbuka unga ule. Ulikuwa mkavu. Bi Mwanaidi hakuwa anakanda chochote.

Nikaingia ndani, nikatumbukiza mikono yangu kwenye debe la unga.