Ng'ombe Niliowaongeza Pichani

Jumamosi, katikati ya Februari. Mvua imeanza alfajiri na upepo mkali, sasa yamebaki manyunyu. Umeme umekatika, hivyo duka langu la picha nimelifunga, nimekaa barazani hapa Kikuyu na kalamu yangu.

Mwanangu, wewe unayekuja kuazima kwangu kile kitabu cha kuchezea picha kwa kompyuta, jana ulinionyesha ulivyompandisha bibi yako pichani kwenye mlima wa theluji na kanga zake, nikacheka mpaka nikatafuta pa kukaa. Mkono wako ni mwepesi kuliko wangu, hilo nalisema kwa haki. Lakini ulipoondoka, niliikumbuka siku moja ya ujana wangu, nyumbani kwa watu kule Chemba, picha niliyoitengeneza ikiwa mikononi mwa mzee ambaye hakuwa anacheka. Sina hakika kama mtu wa darasa la saba anafaa kumpa mwanachuo nasaha. Nitasimulia tu, upime mwenyewe.

Kitabu hicho nilikinunua kwa muuza mitumba, kurasa za mwisho zimeshang'oka. Kimeandikwa kwa Kiingereza, na Kiingereza changu kilikuwa cha kuombea maji. Basi nikakisoma kwa kufuata michoro: bonyeza hapa, kata hapa, bandika pale. Neno likinishinda nalitafuta kwenye kamusi, na kamusi ikinishinda nabonyeza kila kitu mpaka kompyuta inaganda. Haba na haba hujaza kibaba. Nikajua kuondoa madoa usoni, nikajua kubadilisha anga, kisha nikafika kwenye somo lililonilevya: unamchukua farasi mmoja, unamnakili, unamgeuza, unampunguza kimo, mpaka uwanja mzima umejaa farasi.

Wakati huo mdogo wangu Elia alikuwa anataka kumwoa Magdalena, binti wa Wasandawe wa Chemba. Walipendana kweli, si mapenzi ya kusukumwa na wazee. Ila sisi kwetu ni Hombolo, na ukame wa mwaka uliotangulia ulikuwa umetusafishia zizi. Walibaki ng'ombe wanne, nao mbavu zao ungezihesabu ukiwa barabarani. Mzee Daudi, baba wa binti, alikuwa anaumwa mguu, asingeweza kusafiri kuja kutazama mji wetu. Akatuma neno: "Nipigieni picha ya kwenu, nione mwanangu anakwenda wapi."

Elia akaja dukani na picha mkononi.

"Dada, wakiwaona hawa wanne, mimi sina mke."

"Sasa si ndio waliopo?"

"Kitabu chako si kinazalisha farasi? Zalisha na ng'ombe basi."

Sitasema alinilazimisha. Aliomba mara moja tu, na mimi vidole vilishaanza kuniwasha. Niliiingiza ile picha kwenye kompyuta, nikawanakili wale wanne, nikawanenepesha, wengine nikawageuza watazame upande wa pili, na vumbi kidogo nikaongeza ili wa nyuma wasionekane vizuri. Zizi likajaa. Pembeni mwa lango alikuwa amesimama mama yetu, kashika kibuyu, kanga yake imepauka. Nafasi ikanibana. Nikamweka ng'ombe mwekundu juu yake, akapotea. Niliona nafasi, mwanangu, sikumwona mama. Nilipoitoa kwenye printa niliitazama kama mtu anayetazama mtoto wake wa kwanza.

Tukaenda Chemba, mimi, Elia, na mjomba wetu aliyekuwa mshenga. Tukawaamkia shikamoo, wakaitikia marahaba, tukapewa vigoda. Mjomba alianza hotuba aliyojiandaa nayo njia nzima, lakini mzee Daudi alishaishika picha, akaisogeza kwenye mwanga wa mlangoni. Akamwita mkewe. Wakaanza kusemezana kwa lugha yao ile ya kugonga ulimi, ambayo sisi Wagogo hatuambulii hata neno. Wanasema, wananyoosha kidole, wanasema tena.

"Mshenga," mzee akasema kwa Kiswahili, "ng'ombe huyu analia, mdomo uko wazi. Na huyu hapa. Na yule kule. Wote wamepotelewa na ndama siku moja?"

"Waache, baba Magdalena," mkewe akasema. "Huenda ni ndugu."

"Ndugu wa kuvunjika pembe ile ile?"

Mjomba akakohoa, hotuba ikaishia hapo. Wahenga walisema njia ya mwongo ni fupi. Yetu haikufika hata mlangoni. Magdalena alikuwa amekuja na vikombe vya uji. Alikuwa amesikia yote. Aliweka sinia chini, akamtazama Elia, Elia akatazama miguu yake. Nilijua pale kwamba ndoa ya mdogo wangu inaweza kufia mikononi mwangu.

"Nani aliyewazalisha hawa?" mzee akauliza.

"Ni mimi, baba."

"Umejifunza wapi?"

"Kwenye kitabu."

"Kitabu kilikuambia uje utudanganye?"

"Hapana, baba."

Na hapo nilisema kweli. Kitabu nisikisingizie. Somo lake la kwanza kabisa linasema picha ya asili usiiguse, fanyia kazi nakala yake. Hilo nililitii, na ile ya asili ilikuwa kwenye mkoba wangu. Nikaitoa, nikaikabidhi kwa mikono miwili.

Mzee alihesabu wale wanne kwa macho tu, akampa mkewe. Yule mama hakuhangaika na ng'ombe.

"Huyu mwenye kibuyu ni nani?"

"Mama yetu."

"Kwenye ile nyingine yuko wapi?"

"Yuko nyuma ya ng'ombe," nikasema.

Alihamisha kigoda chake akaja kukaa karibu yangu. Sauti yake ilikuwa ya chini, na laiti angefoka ningepumua. "Mwanangu, Magdalena haendi kuolewa na ng'ombe. Atachota maji na mama huyu. Siku ya uchungu atashikwa mkono na mama huyu. Mimi nilitaka kuuona uso wake. Mkono wako mzuri hivi, ukaona wa kuficha ni yeye?"

Swali lake ninalo hata leo ninapoandika.

"Hawa wanne tunaweza kuwangoja wazae," mzee Daudi akasema. "Hao wengine nitawangoja mpaka lini?" Kisha akacheka, kicheko kirefu kuliko nilivyoona inafaa, ingawa alikuwa na haki nacho. Hakukataa posa, wala hakuikubali. Alisema tu: "Rudini na mama yenu."

Njia nzima Elia alijitenga nami, akakaa na mjomba. Nilipomweleza mama, nilitegemea machozi. Akaniuliza: "Na huyo ng'ombe uliyenifunika naye, walau alinenepa?" Kisha akaifua ile kanga yake iliyopauka, akaivaa, akaenda nayo Chemba. Mimi nilibaki, sikuwa na uso wa kurudi. Nimeambiwa wale mama wawili walichambua mboga pamoja hadi jua likazama. Baada ya mavuno ya zabibu Magdalena aliingia mji wetu kwa vigelegele, ng'ombe wengine wa mahari wakaenda kwao kidogo kidogo, kadiri walivyozaliwa. Sijui kama ni mama aliyeiponya posa ile, au mzee angekubali vyovyote. Siwezi kumsemea.

Sasa, mwanangu, sikukatazi kazi hii. Bibi yako mlimani ni mchezo, na yeye anajua kwamba ni mchezo, ndiyo maana anaonyesha majirani. Jambo ni hilo: anayetazama awe anajua kama wewe unavyojua. Akija mtu anataka picha ya kumshawishi mwenzake, muulize inakwenda kwa nani, na ukiona anakwepa, mrudishie. Na unapofunika kitu ili picha ipendeze, simama kwanza ukiangalie unachokifunika. Mara nyingi tunaloonea haya ndilo wenzetu walilokuja kulitafuta. Wazee walisema mficha uchi hazai. Ukiwa na vinne, onyesha vinne. Mwenye nia njema atangoja viongezeke. Na ya asili itunze, hata kama ina mbavu.

Mungu akupe jicho linalotangulia mkono. Akupe riziki isiyokufanya uiname mbele za watu, na wote waliokulea waishi kukuona umefika. Amina.

Jioni nimeiweka kalamu, tumekula ugali wa uwele na mlenda wa karanga, na maziwa ya mgando kidogo kwa aliyetaka.