Mkate Chooni, Ukoko Mezani

Nilikula mkate chooni. Naandika hivyo mapema ili nisisumbuliwe na maswali baadaye. Nilikaa juu ya kifuniko, komeo nimefunga, nusu mkate mweupe mapajani, na hata chai sikuwa nayo. Ukitaka kunihukumu, kwanza kula viazi vitamu kila asubuhi bila chai ya maziwa, halafu uje tuongee.

Mdogo wangu ana miaka sita na ana usonji. Hasemi sana, lakini anachotaka anakijua: ukingo wa mkate uliochomwa kwa jiko hadi ukauke, na chai ya maziwa kwenye kikombe cha bluu. Ukimletea chekundu umeanzisha vita. Shida ni kwamba kila jioni tumbo lilikuwa linamfura, analishika na kulia. Kliniki wakamwambia mama ajaribu kumwachisha ngano na maziwa kwa muda. Usonji hauondoki, walisema, lakini huenda tumbo likatulia. Ila akianza kukonda, aache mara moja.

Mama akatangaza sheria ya nyumba nzima. "Hatutakula mbele yake kile tunachomnyima."

Nikauliza kama tumbo langu pia limepelekwa kliniki. Akaniongezea kiazi kitamu kingine.

Mdogo wangu akagoma. Nduma alisukuma. Muhogo alimrushia paka, paka naye akakataa. Samaki alimweka ndani ya kiatu changu cha shule. Kaptula ikaanza kumshuka, na kila ikishuka mama alikuwa anaipandisha.

Jirani yetu, yule anayekaanga chapati pale sokoni Mamboleo, akaja na sahani imefunikwa.

"Mama, huyu mtoto unamuua na njaa. Mpe moja tu."

"Asante. Rudi nayo."

"Haya mambo ya Wazungu..."

"Viazi vitamu vilikuwa vya Wazungu lini?" Mama hakupandisha sauti. "Na akilia usiku na tumbo, huwa unakuja kumbeba?"

Jirani akarudi na sahani yake. Niliiaga ile chapati kwa macho. Nilikuwa upande wa mama kabisa, mwili mzima, isipokuwa tumbo.

Ndipo nikanunua nusu mkate dukani, nikaenda nao chooni, siku ambayo mama alikuwa sokoni. Nilisahau kwamba mdogo wangu anaweza kusikia karatasi ya mkate hata akiwa Kisian, upande wa pili wa mji. Nilipong'ata tu, akaanza kugonga mlango kwa kichwa. Nikaruka, nikainua kifuniko, nikautupa wote ndani, nikafungua. Akachungulia. Mkate ulikuwa unaelea. Akalia mpaka nikaogopa.

Nikambeba hadi jikoni. Sufuria ya ugali wa mchana ilikuwa bado juu ya makaa yaliyopoa, ukoko umejibandua wenyewe. Kwetu ukoko ni wangu tangu nianze kutembea, hakuna mjadala. Nikavunja kipande kwa sababu mimi nikiogopa huwa nakula. Kikalia kra.

Akanyamaza. Akaninyang'anya, akakiweka sikioni, akavunja, akasikiliza. Kra. Akakitia mdomoni. Kumbe siku zote alikuwa anataka ule mlio, na sisi tunahangaika na mkate. Nikamwekea chai ya rangi kwenye kikombe cha bluu. Akainusa kama polisi, akanywa kidogo.

Mama alitukuta sakafuni, yeye kichwa ndani ya sufuria, mimi nikimvunjia vipande. Akaweka kikapu chini polepole, kama mtu anayeogopa kuamsha mtoto. Akasimama pale hadi ukoko ukaisha, akajipangusa macho na leso. Nilijua nimekuwa shujaa. Nikajitayarisha kusifiwa.

Halafu akaenda chooni.

Aliporudi alisema hivi: "Ule mkate utautoa kwa mkono. Ukishanawa, utasonga ugali mwingine, na ukoko wote ni wake."